Wageni wa Baridi Jijini New York

Mimi ni mtu wa Muheza, na Muheza tumezoea kuwaona Wazungu wenye darubini shingoni wakipita kuelekea Amani. Mjini hawakai. Wananunua maji na ndizi, wanauliza hali ya barabara, kisha gari lao linapanda Usambara Mashariki wakakeshe msituni kumsikiliza bundi. Wapo wanaotoka mabara ya mbali kwa ajili ya bundi mkubwa wa Usambara peke yake. Wengine humtafuta yule mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimpata mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, na mwaka 1992 akakutwa pia kwenye misitu ya chini ya milima yetu. Sisi utotoni bundi tulimjua kwa sifa nyingine. Akitua juu ya paa akalia, bibi alitoka na kijinga cha moto, na asubuhi watu waliulizana nani yu mgonjwa.

Kwa hiyo mjomba wangu, dereva wa teksi anayeishi Bronx, aliposikia kilichonileta New York mwezi Januari, alidhani namtania.

"Mpwa wangu, kuna makumbusho, kuna ile Sanamu ya Uhuru, kuna maduka mpaka uchoke. Umeacha jua la Tanga uje kutafuta bundi kwenye barafu?"

"Na bata pia, mjomba."

Akanipa koti lake la pili na soksi nene za sufu, akarudi kwenye chai yake.

Habari iliyonivuta ni ya tarehe 27 Januari 2021. Siku hiyo bundi mweupe wa Aktiki alitua kwenye viwanja vya besiboli vya North Meadow, upande wa kaskazini wa Central Park, Manhattan. Kwa kumbukumbu zilizopo, mwenzake wa mwisho kuandikwa ndani ya bustani ile alikuwa wa mwaka 1890. Habari zilienea kwa simu, na muda si mrefu watu kwa mamia walikuwa wamejipanga kwenye uzio, barakoa usoni maana ulikuwa wakati wa korona, huku askari wa bustani wakiwasihi wasisogee. Kunguru walimjia kwa kelele, wakimshukia na kupaa. Yeye aliketi chini, mwili mweupe wenye mistari myeusi, akigeuza kichwa taratibu kama mwenye shamba anayekagua vibarua.

Nilipofika North Meadow mwenyewe, palikuwa na uzio, nyasi zilizokauka na kijana akitembeza mbwa watano kwa pamoja. Hapakuwa na bundi, wala sikumtarajia. Nilitaka kuona uwanja tu, kwa sababu kuna jambo katika hadithi ile lilikuwa linanisumbua tangu nilipoisoma.

Chukua ramani. Kutoka North Meadow hadi Breezy Point, ile ncha ya mchanga ya Queens inayochomoza baharini, hapafiki kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Breezy Point, na mashariki zaidi Jones Beach, bundi mweupe ni mgeni anayefahamika. Kuna miaka haji, kuna miaka wanakuja kadhaa, wakakaa juu ya matuta ya mchanga wiki nzima. Ufukwe mtupu wenye majani makavu na upepo mkali haupishani sana na uwanda wa Aktiki alikozaliwa. Kwa pwani ile, basi, ndege wa 2021 hakuwa kioja. Kilichomfanya kioja ni kutua mahali ambapo mamilioni ya watu wanapaita kwao, mchana, mbele ya macho. Laiti angelala juu ya paa la ghala fulani Brooklyn akaondoka alfajiri, asingeandikwa popote. Je, katika miaka ile 130, ni wangapi waliopita juu ya Manhattan usiku, wakala panya mmoja wakaenda zao?

Mwaka 1890 una kituko kingine. Machi ya mwaka huohuo, tajiri mmoja aitwaye Eugene Schieffelin aliwaachia huru kwezi 60 wa Ulaya katika bustani hiyohiyo. Siku ile kwezi hao walikuwa miongoni mwa ndege adimu kabisa katika bara zima la Amerika ya Kaskazini, na mtu angeweza kuwahesabu wote kwa kalamu na kipande cha karatasi. Leo wako kwa makumi ya mamilioni, kuanzia Alaska hadi Mexico, wanachukua matundu ya ndege wenyeji na kumaliza nafaka za wafugaji. Niliwaona karibu na kila kibanda cha vyakula. Hakuna mtu aliyewanyanyulia darubini.

Watu wengi bado wanaamini kwamba bundi weupe hushuka kusini kwa sababu ya njaa. Nami nilikwenda nikiamini hivyo, maana kinasikika kama kisa cha kweli: baridi kali, chakula kimekwisha, mnyonge anahama. Majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 yaliipa imani hiyo pigo. Bundi walishuka kwa wingi ambao watafiti wa mashariki hawakuwa wameuona kwa miongo kadhaa. Mmoja alifika Florida, wengine wakavuka bahari hadi Bermuda. Watafiti walipowakamata na kuwapima, wengi walikuwa vijana wenye afya, wanene. Kumbe kiangazi kilichotangulia, kaskazini mwa Quebec, panya wa Aktiki waitwao lemingi walizaana kupita kiasi. Kuna picha ya kiota kilichozungushiwa mizoga yao kwa makumi, imepangwa ukingoni kama ghala. Vifaranga wengi walipona, na walipokua ilibidi watawanyike. Waliofika New York walikuwa watoto wa neema.

Asubuhi moja, katika sehemu ya Central Park yenye misonobari, nilikutana na mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mweusi, darubini yake imechubuka rangi kwa kutumika. Alinitazama nilivyokuwa naangalia chini ya miti badala ya juu, akatambua ninachotafuta: nilikuwa natafuta kinyesi cheupe kwenye sindano za misonobari, ishara kwamba kuna bundi analala juu. Tuliongea kidogo. Aliponisikia nikisema nimetoka karibu na Amani, akasimama. Alikuwa anaijua Amani! Alishawahi kupanda barabara ile ya matope, akakesha usiku kucha, asimwone bundi wetu.

"Nitakuonyesha kitu," alisema, "ila simu ibaki mfukoni."

Bundi mwenyewe alikuwa mdogo mno, urefu wa sentimita 20 hivi, ameegemea shina, macho yamefumbwa. Waamerika humwita saw-whet. Hutoka kwenye misitu ya kaskazini na kuja mijini majira ya baridi, na mchana hulala tu. Mwenzake wa aina hii ndiye aliyewachekesha watu Novemba 2020, alipokutwa ndani ya mti wa Krismasi wa Rockefeller Center, mti uliokatwa Oneonta na kusafirishwa kwa lori hadi Manhattan na abiria wake ndani. Alipewa maji na chakula katika kituo cha kutunza ndege, kisha akaachiwa.

Nilitaka kukaa. Mama yule alinivuta koti baada ya muda mfupi. Alinieleza sheria zao: bundi aliyelala hasogelewi, hapigiwi sauti za kurekodi ili ageuke, wala mahali alipo hapatajwi kwa mtu usiyemjua. Bundi akifumbua macho, umeshamkosea. Kuna ugomvi wa muda mrefu kati ya wapenda ndege wa jiji hili kuhusu jambo hilo. Upande mmoja unasema bustani ni ya umma, na mtoto wa Harlem ana haki ya kumwona bundi sawa na mwenye darubini ya maelfu ya dola. Upande mwingine unasema ndege anayelala akizungukwa na watu sitini halali. Zamani habari zilikaa katika daftari lililowekwa Boathouse, mgahawa wa kando ya ziwa, na aliyetaka kujua alitembea hadi pale akasoma. Sasa habari inamfikia kila mtu kabla ndege hajakunja mabawa.

Mimi niko na wote wawili, na najua msimamo huo haufai kitu. Lakini nikiwa mtoto wa nyumba ambamo bundi alifukuzwa kwa moto, siwezi kuudharau umati unaosimama kwenye nyuzi tano chini ya sifuri ili kumwona tu. Ninachosikitikia zaidi ni kwamba si umati ule unaowaua.

Bundi wawili mashuhuri wa bustani hii wamekufa kwa namna inayofanana. Wa kwanza, jike wa jamii ya bundi wenye michirizi, aliyependwa sana, aligongwa na gari la matengenezo la bustani Agosti 2021. Wa pili ni Flaco, bundi mkubwa wa asili ya Ulaya na Asia, aliyezaliwa kizuizini. Februari 2, 2023 mtu asiyejulikana aliukata wavu wa kizimba chake katika bustani ya wanyama ya Central Park, Flaco akatoka. Wengi walidhani atakufa njaa maana hakuwahi kuwinda. Akajifunza, akaishi mwaka mmoja na wiki tatu akiimba juu ya matangi ya maji ya Manhattan, na watu wakafungua madirisha usiku kumsikiliza. Februari 2024 aliligonga jengo Upper West Side akafa. Wote wawili walipopasuliwa, miilini mwao mlikuwa na sumu ya panya. Kwa Flaco, aina nne, pamoja na ugonjwa mbaya wa virusi vya njiwa. Sumu hizo huzuia damu kuganda, nazo haziui papo hapo. Panya aliyekula hudumu siku kadhaa akizidi kulegea, na panya aliyelegea ndiye ambaye bundi humkamata kwa urahisi. Kipande kwa kipande sumu inajaa mwilini mwa mwindaji. Tangu hapo sikulipita sanduku jeusi la chambo kando ya ukuta bila kuliangalia, na jiji lile limejaa masanduku hayo.

Wakali wa kuhesabu, lazima niseme, hawamwandiki Flaco. Katika orodha zao ndege aliyetoroka kizuizini hahesabiki, na kwa kanuni hiyo hata yule bata wa Kichina wa rangi zote za upinde wa mvua, aliyetokea Central Park mwaka 2018 na pete mguuni, hakuingia. Lakini ndege mdogo aliyekuja Prospect Park, Brooklyn, mwishoni mwa Novemba 2015, aliingia bila mjadala: kichwa cha buluu, mgongo wa kijani, tumbo jekundu, wa aina ambayo wakati huo hutakiwa kuwa Florida, Kuba au Mexico. Desemba ile ilikuwa ya joto la kuvunja rekodi. Alikaa hadi Januari akila mbegu za majani kando ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu, huku watoto wakianguka na kucheka upande wa pili wa ukuta.

Jiji hili lilianza zamani kuhesabu ndege wasiokuwa mahali pao. Mwaka 1886, Frank Chapman, kijana aliyekuja kuwa mtaalamu wa ndege katika Makumbusho ya Historia ya Asilia, alitembea jioni mbili katika mitaa ya maduka ya Manhattan akiandika kila ndege aliyemtambua. Alipata aina 40 hivi. Wote walikuwa wamekufa, wameshonwa juu ya kofia za akina mama. Kati ya kofia 700 alizozihesabu, zaidi ya robo tatu zilikuwa na manyoya. Sina orodha nyingine ya ndege inayonitia baridi kama hiyo. Chapman huyohuyo, siku ya Krismasi mwaka 1900, alianzisha hesabu ya ndege walio hai, ichukue nafasi ya mashindano ya sikukuu ambamo vikundi vya wawindaji viligawana pande na kuua kila kilichoruka. Walijitokeza watu 27 katika maeneo 25, Central Park mojawapo. Hesabu hiyo haijakatika hadi leo, na ndiyo inayotuwezesha kusema nani adimu na nani wa kawaida.

Siku nyingine nilipanda treni ya A kwenda Broad Channel. Naipendekeza kwa yeyote atakayefika jijini wakati wa baridi, hata asiyejali ndege. Treni inatoka chini ya ardhi, inapita juu ya nyumba za Queens, kisha ghafla pande zote mbili ni maji. Hiyo ndiyo Jamaica Bay. Ukishuka, unatembea kama robo saa kando ya barabara kuu hadi kwenye hifadhi ya ndege, na hakuna kiingilio. Mabwawa yake mawili yalitengenezwa na jiji lenyewe katika miaka ya 1950. Bwawa la magharibi lilibomolewa na kimbunga Sandy mwaka 2012, maji ya chumvi yakaingia, na likazibwa upya mwaka 2017.

Maji ya ghuba hayakuwa yameganda, na hapo ndipo siri ilipo. Bara lote la nyuma linapofunikwa na barafu, ghuba yenye chumvi na mkondo inabaki wazi, hivyo kila anayekula majini anakuja pwani. Waliojaa kuliko wote walikuwa bata bukini wadogo, kichwa na shingo nyeusi, kola nyembamba nyeupe, wakinung'unika kwa pamoja bila kunyamaza. Hawa huzalia Aktiki ya Kanada na kuja kukaa baridi yao kwenye kipande kifupi cha pwani hii, hasa New Jersey na New York. Katika miaka ya 1930 ugonjwa uliziangamiza karibu nyasi bahari zote za upande huu wa Atlantiki, chakula chao kikuu. Walikufa kwa wingi wa kutisha. Waliobaki walijifunza kula mwani wa kijani, na baadaye hata nyasi za viwanja vya mpira. Nilisimama mbele ya maelfu yao, wasafiri wa kutoka karibu na kilele cha dunia, na waliokuwa njiani pamoja nami walikuwa wakitazama juu ya vichwa vyao kutafuta kitu kingine.

Ng'ambo ya maji, mikia ya ndege za abiria ilikuwa ikipita moja baada ya nyingine. Uwanja wa JFK umepakana na ghuba hii, na ujirani huo ni mgumu. Desemba 2013, wakati wa ule ujio mkubwa, wafanyakazi wa uwanja waliwapiga risasi bundi weupe watatu kwa kuhofia usalama wa ndege; kelele za wananchi zikawa kubwa, na mamlaka ikabadili utaratibu iwe inawanasa na kuwahamisha. Si hofu ya bure. Januari 15, 2009, ndege yenye watu 155 iliyoruka kutoka LaGuardia ilimeza bata bukini wa Kanada katika injini zote mbili, rubani akaishusha juu ya mto Hudson, wote wakapona. Manyoya yaliyokutwa ndani ya injini yalipochunguzwa, ikaonekana bata wale walikuwa wahamiaji kutoka Labrador. Waliokamatwa na kuuawa kwa maelfu katika miaka iliyofuata ni wale wa jiji, wasiohama.

Jioni nilimsimulia mjomba habari za bundi wa JFK. Alikaa kimya kitambo, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

"Mimi nilimwona mmoja," alisema.

"Wapi?"

"Hapohapo uwanjani. Tunapopanga foleni ya teksi, alfajiri. Nilidhani ni mfuko wa nailoni umenasa kwenye uzio, mpaka mfuko ukageuza shingo ukanitazama."

"Hukumwambia mtu, mjomba?"

"Nimwambie nani? Dereva wa teksi, nimekesha, nianze kutangaza kwamba nimeona bundi mweupe mchana kweupe nikiwa kazini? Hata shangazi yako sikumwambia. Angenizuia nisiendeshe wiki nzima."

Nilimuuliza ilikuwa mwaka gani, akasema labda 2008, labda kabla. Nilimwomba anieleze mistari ya kifuani, rangi ya macho. Alikumbuka macho: ya njano.

Kesho yake nilirudi Jamaica Bay. Kwenye njia ya bwawa la magharibi palikuwa na mzee mmoja na teleskopu juu ya miguu mitatu, uso mwekundu kwa upepo. Aliponiona tu akaniita kwa mkono, kwa ile furaha ya mtu aliyepata kitu na hana wa kumwonyesha. Niliinama. Katikati ya kundi kubwa la bata palikuwa na dume mmoja mwenye kichwa cha rangi ya kutu na paji la krimu. Huyo ni bata wa Ulaya na Asia, aliniambia, amevuka bahari nzima, watu wanasafiri saa tatu kuja kumwona. Nikamweleza kwamba London, katika bustani ya kawaida, nilishawaona kama hao wakielea mamia kwa mamia na hakuna aliyesimama. Akacheka, akasema huko Uingereza wanafukuzia wa Marekani.

"Na hawa wengine ni akina nani?" nikauliza. Walikuwa wamemzunguka yule mmoja, kila dume na utosi mweupe na mkanda wa kijani unaong'aa ukianzia jichoni kurudi nyuma ya kichwa.

"Hao? Hao ndio wa Marekani. Wa hapahapa."

Nikamwomba nibaki kidogo na hao wa hapahapa. Aliniachia teleskopu, akavua glavu, akaenda pembeni kuwapigia simu wenzake.